Siku za ndani kama bei: mkopo wa Goldman Sachs katika jela ya Rikers, 2012–2015

Agosti 2012 meya wa jiji la New York, Michael Bloomberg, alitangaza jambo ambalo Marekani ilikuwa haijawahi kulijaribu. Benki ya Goldman Sachs ingetoa mkopo wa dola milioni 9.6 kugharamia mafunzo ya kurekebisha tabia za vijana waliomo jela ya Rikers. Vijana wakipungua kurudi jela, jiji litarudisha mkopo na kuongeza faida juu yake. Wasipopungua, benki imekula hasara. Julai 2015 wakaguzi walifunga hesabu na kutoa jibu: hawakupungua. Agosti 31 mwaka huohuo mradi ukafungwa.

Kisa hiki kimezoea kusimuliwa kwa namna mbili. Wapenzi wa soko husema ona uzuri wake, mradi ulishindwa na mlipa kodi hakutoa senti. Wasiolipenda soko husema benki ilitaka kutajirikia migongoni mwa watoto, na ilivyokosa ndivyo ilivyostahili. Zote mbili ni hadithi za pesa. Mimi kinachonivuta ni kitu kikavu zaidi: namna walivyohesabu. Kwa sababu katika kisiwa kilekile, kuhusu vijana walewale, kulikuwa na hesabu mbili zilizokuwa zikiandikwa, na moja kati ya hizo ilichezewa.

Tuanze na mahali penyewe. Rikers ni kisiwa katika Mto East, kati ya Queens na Bronx, na gari linafika kwa daraja moja tu. Kina majengo kadhaa ya jela. Wengi wa waliomo ni mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa na ambao wameshindwa dhamana au wamenyimwa. Waliohukumiwa wapo, ila ni wale wenye vifungo visivyozidi mwaka mmoja. Wenye vifungo virefu hupelekwa magereza ya jimbo. Sisi tumezoea kuwakuta mahabusu na wafungwa nyuma ya lango moja, tukiwatofautisha kwa jina tu. Wamarekani wana taasisi mbili tofauti, na tofauti hiyo itarudi kututafuta mbele, kwa hiyo msomaji aiweke mfukoni.

Jambo la pili kuhusu mahali: wakati ule New York lilikuwa mojawapo ya majimbo mawili tu nchini Marekani, pamoja na North Carolina, yaliyompeleka mtoto wa miaka 16 moja kwa moja kwenye mkondo wa sheria wa watu wazima. Ndiyo maana kisiwani kulikuwa na jengo la wavulana wa miaka 16 hadi 18. Katika mwaka wa fedha 2013, vijana wa umri huo walikuwa kwa wastani 682 kwa siku.

Hiyo 682 ni hesabu ya vichwa. Ukiamka asubuhi ukahesabu waliolala, ndiyo unayoipata. Ni hesabu ambayo karibu kila idara ya magereza duniani huitoa kwanza, na ndiyo magazeti huipenda, kwa kuwa inakaa vizuri pembeni ya uwezo wa jengo: nafasi kadhaa, watu kadhaa, msongamano kiasi hiki. Ila inaficha zaidi ya inavyofunua. Kitanda kimoja kinaweza kulaliwa na mtu mmoja mwaka mzima, au kikalaliwa na watu 52 kwa zamu, kila mmoja wiki yake. Hesabu ya asubuhi haitakuonyesha tofauti. Kwa mwalimu anayeingia na vitabu, tofauti hiyo ndiyo kila kitu: katika jela ya kwanza ana mwanafunzi, katika ya pili ana abiria.

Tena hesabu ya vichwa hushuka kwa sababu zisizohusiana kabisa na tabia ya mtu. Desemba 9, 2019, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 katika sherehe za Uhuru. Idadi ya waliomo magereza ya Tanzania ilishuka kwa amri ya siku moja. Naungana na walioshangilia, lakini hakuna awezaye kuitumia namba hiyo kusema magereza yamerekebisha watu 5,533.

Waliotunga mkataba wa Rikers walilijua hilo. Hawakukubali hesabu ya vichwa. Hawakukubali pia ile ya ndiyo au hapana, yaani karudi au hakurudi, japo ndiyo iliyowashtua mwanzo: jiji lenyewe lilisema karibu nusu ya vijana waliotoka walikuwa wakirudi ndani kabla mwaka haujaisha. Walichagua siku. Kijana akitoka, katika miezi 12 inayofuata amelala tena jela siku ngapi? Jumlisha siku za wote. Siku moja ya jela ina gharama, na siku zikipungua vya kutosha jiji linaweza kufunga kitengo na kupunguza askari wa zamu. Humo ndimo ingetoka pesa ya kumlipa mkopeshaji.

Bei ilipangwa kwa ngazi. Siku zikipungua kwa asilimia 10, Goldman Sachs inarudishiwa milioni 9.6 zake bila nyongeza. Zikipungua kwa asilimia 20 au zaidi, inapata takriban milioni 11.7. Ikiishia asilimia 8.5, inapata milioni 4.8, nusu ya mkopo. Chini ya hapo hakuna kitu.

Kati ya benki na darasa kulikuwa na mikono mingi. Pesa zilipita kwa MDRC, taasisi ya utafiti iliyokuwa msimamizi na mkopaji. Kutoka hapo zikaenda kwa mashirika mawili yaliyofundisha, Osborne Association na Friends of Island Academy. Mkaguzi alikuwa Vera Institute of Justice, na kazi yake ilikuwa moja: kuhesabu siku. Hakuna hata mmoja kati ya waliofundisha, waliokopesha au waliotarajiwa kulipa aliyeshika kalamu ya matokeo.

Kuna mkono mmoja zaidi, na watu huupita haraka. Bloomberg Philanthropies, taasisi ya hisani yenye jina na fedha za meya mwenyewe, ilitoa dhamana ya milioni 7.2. Mradi ukianguka, sehemu kubwa ya hasara ya benki ingefidiwa humo. Kwa hiyo serikali ya jiji iliyoahidi kulipa na mfuko uliomwondolea mkopeshaji hofu vilikuwa chini ya kivuli cha mtu mmoja. Sidai kulikuwa na hila, kwani kila kitu kilitangazwa hadharani. Ninachosema ni kwamba anayekiita kisa hiki jaribio la soko huria ana kazi ya kunieleza ni soko gani ambamo meya humdhamini mkopeshaji.

Mwisho wa hesabu ulikuwa hivi: kati ya zile milioni 9.6 za mkopo, milioni 7.2 zilikuwa zimetumika, taasisi ya Bloomberg ikalipa milioni 6, Goldman Sachs ikapoteza milioni 1.2. Jiji halikulipa matokeo, kwa kuwa hayakuwapo. Hata hivyo maofisa wake walitumia miaka mitatu ya muda wao, askari walisindikiza vijana kwenda darasani, vyumba vilitengwa. Hayo hayakuandikwa kwenye ankara ya mtu yeyote.

Kilichofundishwa

Mafunzo yenyewe yalibuniwa mwaka 1985 na Gregory Little na Kenneth Robinson, huko Memphis, Tennessee. Mshiriki anapewa kitabu cha mazoezi na kupanda hatua moja baada ya nyingine: kusema ukweli mbele ya wenzake, kukubali alichokifanya, kupanga anachotaka, kuonyesha kwa vitendo kwamba amebadilika. Msingi wake ni kwamba mtu huamua vibaya kwa sababu ya namna anavyofikiri, na kufikiri kunaweza kufunzwa. Yalikuwa na sifa. Tafiti kadhaa ziliyaunga mkono, nyingi zikiwa zimefanywa kwa watu wazima walio katika vifungo au matibabu ya dawa za kulevya, watu wenye miezi au miaka ya kukaa na kitabu.

Kisiwani walipewa vijana. Lengo lilikuwa kumfikia kila mwenye miaka 16 hadi 18 atakayekaa siku nne au zaidi. Siku nne! Hapo ndipo ile tofauti tuliyoiweka mfukoni inapotoka. Mfungwa ana tarehe ya kutoka. Mahabusu hana, anaitwa mahakamani asubuhi na huenda jioni harudi, kwa kuwa mama yake kapata pesa ya dhamana, au mwendesha mashitaka kaifuta kesi, au kahukumiwa na kupelekwa kwingine. Mwalimu hajui kesho atamkuta nani. Mafunzo ya hatua hudai uwepo, na waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo.

Ndani nako kulikuwa na mambo yake. King'ora kikilia kwa sababu ya ugomvi, kila mtu anafungiwa alipo na kipindi kimekufa. Kijana anahamishwa kitengo ghafla. Wasimamizi walijifunza haraka, wakasogeza vipindi hadi kwenye ratiba ya shule iliyomo jelani, na hilo lilisaidia. Zaidi ya vijana wanane katika kila kumi waliostahili walihudhuria angalau kipindi kimoja, na kwa jela yenye vurugu kiasi kile hayo ni mafanikio ya kiutendaji ambayo sitayadharau. Ila waliofika hatua ambayo wabunifu wenyewe waliihesabu kuwa na maana walikuwa chini ya nusu.

Mkaguzi hakuwaonea huruma. Aliwahesabu wote waliostahili kufundishwa, waliofundishwa na wasiofundishwa, waliomaliza na walioondoka siku ya pili. Wengine waliliona hilo kuwa ukatili wa kitakwimu. Mimi naona ndiyo ilikuwa sehemu safi kuliko zote. Ukiwahesabu waliomaliza peke yao, umewachagua watulivu, wenye bidii, wale ambao pengine wasingerudi hata bila darasa. Kila programu ya urekebishaji niliyowahi kuisoma ikijisifu kwa asilimia kubwa, nikichungulia chini ya meza nakuta imehesabu wahitimu.

Kulinganisha nako kulihitaji akili. Vijana wa 2013 walilinganishwa na wa umri uleule waliopita kisiwani kati ya 2006 na 2010. Lakini jiji lilikuwa limebadilika katikati: uhalifu ulikuwa ukishuka, na Agosti 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba polisi wa New York walikuwa wakivunja katiba kwa jinsi walivyowasimamisha na kuwapekua watu mitaani. Siku za jela zingeweza kupungua zenyewe. Kwa hiyo wakaguzi waliwatazama pia vijana wa miaka 19, ambao hawakuguswa na mafunzo, ili wajue upepo wa mjini umevuma kiasi gani, kisha wakauondoa. Kilichobaki baada ya kuondoa upepo hakikutofautiana na bahati nasibu.

Daftari lingine

Agosti 2014, mradi ukiwa katikati, ofisi ya Preet Bharara, mwendesha mashitaka wa shirikisho wa Manhattan, ilitoa ripoti kuhusu wavulana wa Rikers. Ilichunguza miaka ya 2011 hadi 2013. Ilikuta kwamba kufikia Oktoba 2012, karibu asilimia 44 ya wavulana waliokuwamo walikuwa wametumiwa nguvu na askari angalau mara moja. Ilikuta vijana wakifungiwa peke yao vyumbani kwa wiki na miezi. Haya yalitokea kwenye korido zilezile ambamo mwalimu alipita na kitabu cha kuamua vema.

Mwezi uliofuata New York Times lilieleza habari iliyonifanya nikiandike kisa hiki. Ukaguzi wa ndani wa idara ulikuwa umegundua kwamba takwimu za mapigano kati ya vijana kwa mwaka 2011 hazikuwa za kweli. Mapigano kwa mamia yalikuwa yameachwa nje ya hesabu, na kushuka kwa ajabu kulikoonekana kwenye karatasi kukawa sifa ya usimamizi mzuri. Waliokuwa wakuu wa jengo walipanda vyeo. Na nakala ya ukaguzi huo iliyopelekwa kwa waendesha mashitaka wa shirikisho ilikuwa imepunguzwa sehemu zilizowagusa.

Ziweke hesabu hizi mbili sambamba. Ya mapigano iliandikwa na askari, ikakusanywa na mkuu wake, ikatumika kumpima mkuu huyohuyo. Haikuwa na mkaguzi wa nje wa kuihakiki kabla ya kutangazwa. Ya siku za ndani ilitoka kwenye kumbukumbu za idara hiyohiyo, kwa makarani wenye kasoro zilezile za kibinadamu. Lakini siku ya kuingia na siku ya kutoka huacha alama kwa polisi, mahakamani na jelani, na ukiibadilisha kwa mmoja itapingana na mwingine. Zaidi ya hapo kulikuwa na mkaguzi asiyepata kitu kwa jibu lolote, na pande mbili zenye maslahi yanayogongana: benki ikitaka siku zionekane chache, jiji likiwa na sababu ya kutolipa bure. Ngumi haina karani wa pili. Ngumi ikipigwa bafuni, shahidi wake ni yule anayeandika ripoti.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mradi haukuacha kitu. Uliacha jibu la "hapana" lililoandikwa hadharani, na hilo ni adimu mno katika fani hii. Programu ngapi za magereza zimewahi kutangaza kwamba hazikufanya kazi? Kawaida hufa kimya mfadhili akiondoka, zikiacha picha za mahafali.

Ila nina ugomvi na kipimo chenyewe, licha ya usafi wake. Siku za ndani hazipimi tabia ya kijana peke yake. Zinapima pia kiwango cha dhamana, foleni ya mahakama, na unene wa mfuko wa familia. Kalief Browder alikamatwa Bronx Mei 2010 akiwa na miaka 16, akituhumiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000. Familia haikuweza. Akakaa Rikers takriban miaka mitatu, muda mrefu wake akiwa amefungiwa peke yake, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa tena, akikataa kukiri asichokifanya. Mwaka 2013 mashitaka yakafutwa. Juni 2015, mwezi mmoja kabla ya matokeo ya mkopo kutangazwa, alijiua nyumbani kwao.

Browder hakuwa katika kundi lililopimwa. Namtaja kwa sababu mtu kama yeye, angekuwemo, angeingia kwenye jumla kama lundo la siku zinazoonyesha kwamba mafunzo yamemshinda. Darasa lilipimwa kwa kitu ambacho hakimu alikuwa akikiendesha kwa usukani mwingine. Kijana angeweza kujifunza kila hatua ya kitabu, akabadilika kweli, kisha akakamatwa kwa kusingiziwa na kulala ndani miezi minne kwa kukosa dola elfu moja.

Peterborough

Wazo lote lilikuwa limetoka Uingereza. Septemba 2010, katika gereza la Peterborough, wawekezaji 17 walitoa pauni milioni 5 kuwasaidia wanaume wenye vifungo visivyofika mwaka mmoja. Ule ndio ulikuwa mkataba wa kwanza wa aina hii duniani, na ulifaulu: mwaka 2017 ilitangazwa kwamba kurudia makosa kumepungua kwa asilimia 9, lengo likiwa 7.5, na wawekezaji wakalipwa mtaji wao na faida ya kama asilimia 3 kwa mwaka.

Tofauti kati ya visiwa hivi viwili, kimoja cha maji na kingine cha ukuta, haiko kwenye aina ya mkopo. Peterborough walikuwa wafungwa wenye tarehe ya kutoka. Kazi ilianza ndani lakini uzito wake ulikuwa nje ya lango: mtu wa kukupokea siku ya kwanza, pa kulala, kufuatilia matibabu, simu ikiita usiku. Hakuna kitabu kimoja kilicholazimishwa. Wahudumu waliruhusiwa kubadili walichotoa kadiri walivyojifunza. Na walihesabu hukumu za mahakama, si siku za kulala ndani, wakilinganisha na watu wanaofanana nao nchi nzima.

Kule Rikers, kijana alipovuka daraja kurudi Queens, mafunzo yalibaki kisiwani. Kwa macho yangu hapo ndipo milioni 7.2 zilipozama, kabla hata mwalimu hajafungua ukurasa wa kwanza. Naliandika hili nikijua kwamba hesabu ya wakaguzi haiwezi kunithibitishia. Iliundwa kujibu kama siku zimepungua au la, na ililijibu hilo tu. Sababu ikaachwa kwa waandishi kama mimi kubahatisha.

Kisiwani mambo yaliendelea kwa njia nyingine. Mwishoni mwa 2014 jiji liliacha kuwafungia peke yao vijana wa miaka 16 na 17 kama adhabu. Mwaka 2015 likakubaliana na serikali ya shirikisho kuwekewa msimamizi wa mahakama. Aprili 2017 jimbo likapitisha sheria ya kupandisha umri wa kushitakiwa kama mtu mzima, na kufikia Oktoba 1, 2018, wavulana wote wa miaka 16 na 17 walikuwa wamehamishiwa kituo cha Horizon, Bronx. Tangu siku hiyo, hesabu yao ya asubuhi pale Rikers ni sifuri.